Handaki la chini ya mto Hudson limechimbwa, maji bado yanavuja!

Ndugu wanajamvi,

Nimesoma sifa za handaki jipya la maji hadi nimechoka. Sisi wakazi wa New York tunapata karibu nusu ya maji yetu kupitia handaki la Delaware, lenye urefu wa maili 85, na tangu miaka ya 1990 inajulikana kwamba linavuja, hasa Roseton, kando ya mto Hudson, linapopita kwenye mwamba wa chokaa wenye nyufa. Kiwango kilichotajwa ni hadi galoni milioni 35 kwa siku. Kwa siku, jamani, si kwa mwaka!

Mwaka 2003 wasimamizi wa maji wa jiji walipitisha humo chombo cha kupiga picha. Kazi ya kuchimba njia ya kulikwepa eneo bovu ikaanza 2013. Miaka 10 ya kutazama picha? Huko katika mji wa Wawarsing, ambako pia linavuja, watu walilala huku pampu za kuondoa maji zikinguruma chini ya sakafu, na baadhi wakaishia kuuza nyumba zao kwa mpango wa serikali.

Waliochimba siwabezi. Kushusha shimo la zaidi ya futi 800 upande wa Newburgh na jingine la karibu futi 675 upande wa Wappinger, kisha kuyaunganisha kwa handaki la maili 2.5 lililo futi 600 chini ya mto, huku maji yakisukuma kutoka mwambani, si mchezo. Na safari hii sehemu ya chokaa imevalishwa chuma. Mtambo ulimaliza kuchoronga Agosti 2019.

Ninaowalalamikia ni wapangaji. Ili handaki jipya liunganishwe, la zamani lazima lifungwe na kukaushwa kwa miezi kadhaa, jambo lililojulikana kabla hata jembe la kwanza halijagusa udongo. Likafungwa Oktoba 2024, mwezi ambao bustani ya Central Park jijini kwetu haikupata mvua ya kulowesha hata leso, na Novemba kazi ikasitishwa kwa sababu ya ukame. Hivyo kazi ya takriban dola bilioni 1 ikakaa ikisubiri mvua, nasi tukahimizwa tuoge upesi na tufunge bomba tunapopiga mswaki, ilhali maji yaliendelea kupotelea kwenye mwamba uleule wa Roseton. Mtu akiacha bomba la jikoni likidondoka kwa miaka 30, mwenye nyumba angemwambia nini?