Mnaobeba vibati vya wanafunzi Nakuru na Kisumu, acheni kusingizia waokota skrapu

Wadau, salamu baadaye. Kwanza vibati.

Vibati 12 vya klabu ya jiografia viliingizwa makoponi mwanzo wa muhula: 7 upande wa Nakuru, 5 upande wa Kisumu. Vinavyoshikika kwa mkono leo ni 4. Kila swali likiulizwa kwenye kikundi, jibu ni lile lile: "Ah, hao ni watu wa skrapu." Si kweli. Someni mpaka mwisho ndipo mbishe.

Kwa mgeni wa mchezo huu wa jiokeshingi, yaani kutafuta kwa GPS makopo yaliyofichwa: kibati, au Travel Bug, ni kipande cha alumini, umbo lake kama vile ambavyo wanajeshi huvaa shingoni, kimechongwa nambari ya siri. Vinauzwa viwili viwili vyenye nambari moja. Kimoja hufungwa kwenye kitu kinachosafiri, cha pili hubaki kwa mwenyewe. Anayekikuta koponi anakichukua, anaingiza nambari kwenye Geocaching.com, anakipeleka kopo lingine na kurekodi tena. Kila rekodi ya kukiweka kopo jingine huchora mstari kwenye ramani na kuongeza kilomita. Mradi wa Gredi ya 8 ulikaa juu ya mstari huo: kusoma latitudo na longitudo, kupima umbali, kulinganisha mstari ulionyooka wa ramani na barabara inayopinda. Kibati kisiporekodiwa hakuna mstari, na bila mstari hakuna mradi. Mtoto anafungua ukurasa kila Ijumaa, anakuta kibati chake hakijapiga hatua.

Sasa hili la skrapu. Kibati ni chepesi kuliko kijiko cha chai, na mnunuzi wa skrapu anapima kwa kilo. Atakayetafuta kilo ya alumini kwa kukusanya vibati atatembea hadi azeeke, na bado sufuria moja iliyotoboka itamshinda. Halafu mpita njia akiona kopo, anachotamani ni kopo lenyewe: lile la plastiki lenye vibanio vinne na mpira kwenye kifuniko, linaloweka sukari bila sisimizi. Atamwaga chini daftari la sahihi za wachezaji, aende na kopo nyumbani.

Makopo yetu hayakuguswa hivyo. Yalikutwa vibanio vyote vinne vimefungwa, yamerudishwa chini ya mawe yake. Daftari limo ndani ya mfuko wake wa zipu, na zipu imebanwa mpaka mwisho. Penseli ipo. Kichongeo kipo. Shanga za kubadilishana zipo zote. Kibati pekee ndicho hakipo. Jameni, mpita njia gani huyo mwenye adabu namna hiyo? Huo ni mkono wa mchezaji.

Na daftari linasema. Kopo la njia ya Menengai, Nakuru, lina majina 5 ya kalamu tangu kibati kiingie, lakini mtandaoni zipo rekodi 3 tu. Wawili walifika, wakatia sahihi, wakafunga kopo vizuri, kisha wakanyamaza. Majina hayatatajwa hapa. Mwandiko wenu mnaujua.

Kuna jingine linalochekesha kwa uchungu. Vile 4 vilivyosalia vyote vimefungwa kwenye vitu vibaya: kipande cha akala, kifuniko cha soda kilichopondwa, funguo yenye kutu, kifungo cha koti. Vilivyokwenda ni kiboko wa jiwe la Kisii, flamingo wa shanga, samaki wa waya. Yaani mnachagua! Kitu kizuri kinapelekwa nyumbani kikaning'inie kwenye funguo za gari, kibaya kinaachiwa kisafiri.

Wapo wanaojitetea kwamba waliacha kitu chenye thamani sawa. Sheria ya kuchukua na kuacha ni ya vile vitu vya kubadilishana: vikaragosi, shanga, stika. Kibati hakimo humo. Unaruhusiwa kukichukua bila kuacha chochote, kwa sababu hukuuziwa. Ni cha mwenyewe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na kazi yako ni uchukuzi tu. Kalamu ya shilingi ishirini uliyoacha haikununua kiboko wa mtoto.

Wengine si wezi, ni wavivu, na madhara yao ni yale yale. Mtu anakitoa kibati kopo la Nakuru, anakishusha Dunga kule Kisumu, harekodi kokote. Mtandao bado unasema kipo Nakuru. Anayekwenda Nakuru hakikuti, mwenye kopo anakitangaza kimepotea, kinaondolewa kwenye orodha ya kopo na kuandikiwa mahali pasipojulikana, ilhali kimelala Dunga. Ukikikuta Dunga katika hali hiyo, usiseme "hakimo kwenye orodha, basi niachane nacho". Fungua ukurasa wake, ingiza nambari, chagua kwamba umekichukua kwingine, kisha rekodi kopo unalokiweka. Hapo kinafufuka na mstari wake unaendelea. Na tafadhali, nambari ni ile iliyochongwa kwenye bati. Ile ya hadharani inayoonekana juu ya ukurasa haitakuruhusu kurekodi kitu, kisha unakuja hapa kulalamika kwamba mfumo ni mbovu. Kama hakuna mtandao ulipo, andika nambari pale pale koponi, urekodi ukifika mjini.

Hili linalofuata ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu alipiga picha kibati cha flamingo, nambari inasomeka kama bango la barabarani, akaitupa kwenye kikundi cha WhatsApp. Siku zilizofuata ukurasa ukajaa rekodi za "nimekiona" kutoka kwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Nakuru. Wanafunzi walifurahi wakidhani kimesafiri. Hakikusogea hata mita moja. Nambari ya kibati haibadilishwi kama nywila. Ikishavuja imevuja. Ukitaka kupiga picha, ziba nambari kwa kidole gumba. Ni kidole tu.

Niwe mkweli: kati ya 8 visivyopatikana, 2 havikuibwa, vimefungiwa. Mchezaji mmoja alifungua kopo jipya, akaviweka humo na kurekodi vizuri, ila kwenye majira-nukta (latitudo na longitudo za kopo) akaandika N ya kaskazini badala ya S ya kusini. Nakuru iko kama dakika 18 kusini mwa Ikweta. Ukigeuza herufi hiyo moja, unaruka dakika 36, kama kilomita 66, unaangukia maeneo ya Ziwa Bogoria. Kosa hilo hilo likifanyika Kisumu linakutupa Vihiga. Huku kwetu Ikweta inapita mlangoni, hapo Maseno tu, kwa hiyo nukta bado inaangukia humu humu Kenya na hutashtuka. Kabla ya kutuma, fungua nukta yako kwenye ramani uone imeangukia wapi. Huyo arekebishe leo, tumsamehe.

Kwa hiyo vinavyodaiwa ni 6.

Walimu walezi wanaotaka kuanza mradi kama huu, msirudie tulivyofanya. Kile kibati halisi msikitume. Chapisheni kikaratasi chenye nambari, lengo la safari na mistari miwili ya maelezo kwa Kiswahili na Kiingereza, kitieni lamineti, acheni ukingo wa plastiki wa kama nusu sentimita kuzunguka karatasi, toboeni tundu kwenye huo ukingo. Mkitoboa karatasi yenyewe maji ya masika yanaingilia hapo na wino unatambaa. Fungieni kwa waya wa chuma wenye kikaza, msitumie ule mnyororo wa vigololi vya chuma unaokuja na kibati, maana ukivutwa kidogo unaachia. Kikipotea, chapisheni kingine, na safari inaendelea kwa nambari ile ile. Ila subirini kwanza, maana cha zamani kikiibuka mtakuwa na viwili vinavyovutana kwenye ramani moja.

Chagueni kopo kabla ya kutia kibati. Soma rekodi zake: kama watu watatu wa mwisho wameandika hawakulipata, kaa mbali. Kikopo kidogo cha filamu hakifai, kifuniko hakitafunga. Na kasha la risasi lile la chuma la kijani, wanalolipenda sana Marekani, usithubutu kuliweka kwenye kichaka karibu na barabara ya huku. Litaitiwa polisi kabla ya kumkuta mchezaji wa kwanza.

Mlio na vibati mkononi: wiki mbili zinatosha kukaa nacho. Zikizidi, mwandikie mwenyewe kupitia ukurasa wa kibati, mstari mmoja unatosha. Mliopitisha muda, kirudisheni kopo lolote lenye nafasi, rekodini, hakuna atakayeuliza kilikuwa wapi. Kiboko mguu wake wa nyuma ulikuwa umevunjika tangu siku ya kwanza, kwa hiyo msihofu kwamba mtalipishwa.

NYONGEZA: Aliyeuliza kama tunaweza kufunga kifaa cha GPS ndani ya kila kidude, hapana. Kibati hakina betri wala hakitumi ishara yoyote. Kinachokifuatilia ni uaminifu wa anayekishika, na ndiyo maana tuko hapa tunagombana.

NYONGEZA 2: Kifungo cha koti kimerekodiwa leo Kibuye, Kisumu. Asante, ndugu. Kiboko bado. Madaftari ya makopo yote ya Nakuru yanasomwa upya Jumamosi asubuhi.