Kona ya maigizo haidumu hata dakika tano, darasa la miaka 4–5

Mwl_Awali
Habari zenu walimu. Darasa ni mita 6 kwa 7, watoto 28 wa miaka 4 hadi 5. Kona (sehemu za kuchezea) ziko sita, zote zimesogezwa ukutani na katikati pameachwa wazi ili watoto wapate hewa. Matokeo yake ni mbio. Kona ya maigizo ina vyombo vizuri vya plastiki, lakini watoto wanavimwaga, wananyang'anyana, wanaondoka. Kuta zimejaa chati hadi darini. Muda wa kucheza huru ni dakika 20. Nianzie wapi?

BiMalezi
Anzia hapo katikati, mwalimu. Mtoto akiona njia iliyonyooka ya mita tano, miguu inamtuma kukimbia, na kumkataza kila siku ni kujichosha bure. Sogeza rafu fupi za sentimita 60 hivi zitoke ukutani na kuikata hiyo njia. Utamwona kila mtoto ukiwa umesimama, na yeye akiketi atajiona yuko chumbani kwake. Rafu zifungwe zisiangukie mtu.

Matofali ya mbao yapewe pembe yenye kuta mbili, pasipopita watu, kwa sababu mnara unaoangushwa na mpita njia ndio mwanzo wa ugomvi. Maigizo yawe jirani yake, maana wajenzi na "wenye nyumba" huazimana vitu. Vitabu viende mbali na kelele hizo, penye mwanga wa dirisha.

Hesabu na nafasi. Watoto 28 wakipewa nafasi 28, wa mwisho hachagui, anapelekwa palipobaki. Weka 33 au 34. Kila kona itundikwe vibao vya picha kwa idadi ya nafasi zake. Mtoto huvaa kimoja anapoingia na kukirudisha anapotoka, na vikiisha anajua kumejaa bila kuambiwa.

Kigoda
Naongezea upande wa maigizo, kwani nadhani ndiko kwenye kiini. Vyombo vya plastiki vimeshajieleza vyenyewe: kikombe ni kikombe, na mchezo unaisha mtoto akishakunywa. Punguza nusu yake. Ingiza vitambaa vitatu vinne vya mita moja na nusu, maboksi makubwa, kamba fupi, daftari na penseli. Kinachogombaniwa sana kiwe viwili vinavyofanana.

Kisha wape mahali penye kazi za watu. Zahanati, kwa mfano, ina wa kuandika majina, wa kupima, mgonjwa na aliyemleta. Benchi la kusubiria ni muhimu kuliko kipimo cha daktari, kwa kuwa linampa la kufanya hata asiyefikiwa na zamu. Ibakie wiki mbili au tatu, usiibadilishe kila Jumatatu.

Dakika 20 hazitoshi kabisa. Robo saa ya kwanza watoto wanagawana nafasi ("mimi mama, wewe nesi") na kupanga vitu, hivyo unawakatiza hadithi inapoanza. Lenga dakika 45 hadi saa moja.

Nawe usiingie na maswali ya mtihani. "Hii rangi gani?" inaua mchezo papo hapo. Keti kando, tazama kwanza, halafu njoo kama mtu wa humo: "Daktari, sikio linaniuma tangu usiku." Ukijibiwa na mchezo ukishika kasi, pona uondoke.

FundiRanda
Matofali yanaweza kuchongwa na seremala yeyote. Kipimo kilichozoeleka ni unene sm 3.5, upana 7, urefu 14; nusu yake ni 7, maradufu ni 28. Uwiano huo ndio unaofanya daraja likae sawa juu ya nguzo mbili. Kwa watoto wanne: nusu 20, kamili 50, maradufu 30. Agiza ubao wa mita 18 kwa jumla.

Kosa la mafundi wengi ni kuchora alama zote kwanza ndipo wakate. Msumeno unakula mbao, kila kipande kinapungua milimita mbili tatu, na mnara unalala upande. Afunge kizuizi kwenye meza na kila kipande kikatwe kwa kukigusa hicho. Kingo zipigwe msasa hadi zisikwaruze. Sakafuni weka mkeka mwembamba, zulia nene linayumbisha.

Mwl_Awali
Asanteni sana. Na unga wa kufinyanga? Wangu unanata. Pia wadogo wa miaka 2 huja Ijumaa.

BiMalezi
Kwa watoto wanne: vikombe 2 vya unga wa ngano, 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vya mafuta, na maji ya moto karibu kikombe kimoja yakiingia kidogo kidogo. Unanata kwa sababu maji yalimwagwa yote kwa mpigo. Ongeza unga kijiko kimoja kimoja, ukande. Ukipasuka, tone la mafuta. Hifadhi kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Usiliwe, chumvi ni nyingi mno.

Ijumaa, chochote kinachopita ndani ya bomba la karatasi ya chooni kitolewe: vifungo, mbegu, vizibo. Kamba nazo zifichwe.

Chati zishushe, ubakize zinazotumika wiki hii. Kazi za watoto zibandikwe sm 90 hadi 100 kutoka sakafuni, na chini ya kila mchoro andika maneno ya mchoraji mwenyewe kama alivyoyasema.