Nimelipa milioni 1.6 kusomea vichwa vya visima vya mafuta, nikafundishwa kwa valvu ya maji ya bomba. Nataka hela yangu

Wakuu, mwangaluka.

Jambo hili nimelimeza wiki tatu, limekataa kushuka. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni fundi. Nina cheti cha VETA cha ufundi mitambo na miaka 11 ya kushika spana: pampu za maji, kompresa, mashine za kusaga, na nimeshakwenda Geita mara nyingi kuhudumia pampu za migodini chini ya makandarasi wadogo. Sasa hivi niko Nyakato, Mwanza, nina kijikarakana na vijana wawili. Nayasema haya mapema kwa sababu najua kuna watu humu ambao neno lao la kwanza litakuwa "ulitaka utajiri wa haraka". Sikutaka utajiri. Nilitaka kazi ninayoiweza, kwa mshahara unaofanana nayo.

Tangazo lilikuja WhatsApp. Mafundi wa vichwa vya visima vya mafuta na gesi wanahitajika, kozi wiki mbili hapa hapa Mwanza, nafasi 30, "ajira Hoima na kwenye bomba". Ujanja wenyewe uko hapo, maana nusu ya tangazo ni kweli tupu. Mafuta ya Ziwa Albert, Uganda, yapo, yaligunduliwa 2006. Bomba lipo, kilomita 1,443 kutoka Hoima mpaka Chongoleani Tanga, na 1,147 kati ya hizo ziko kwetu, kuanzia Kagera, Geita, linashuka hivyo. Nani Kanda ya Ziwa hana ndugu aliyelipwa fidia ya shamba au aliyepata kibarua kule? Upande wa Tilenga peke yake, mmoja wa miradi ya mafuta kule Uganda, mpango ni visima zaidi ya 400. Kila kisima kina kichwa, yaani vyuma vya mdomoni vinavyozuia presha, kila kichwa kina valvu, na kila valvu inataka grisi na kupimwa. Fundi wa valvu akisikia hesabu hiyo masikio yanamsimama. Yangu yalisimama.

Ada 1,600,000. Ni ng'ombe wawili wa marehemu baba. Nilimwomba mama kwanza, akasema kama ni shule hakuna neno, tukawapeleka mnadani. Mpaka leo mama akipiga simu anauliza nasafiri lini kwenda Uganda.

Chuo (nakiita chuo kwa kukosa neno) ni chumba kimoja ghorofani juu ya duka la simenti, projekta moja na viti vya plastiki vya kukodi. Nafasi 30, tulikuwa 34. Alikuwepo dada mmoja wa Sengerema, fundi umeme, kichwa kizuri kuliko sisi wote. Alikuwepo kijana wa Igombe aliyeuza mashine ya mtumbwi. Elewa maana yake: mvuvi akiuza mashine ndiyo basi, hana pa kurudi.

Mkufunzi alijiita Injinia, nasi tukamwita Injinia. Siku mbili za kwanza zilikuwa slaidi. Maneno alikuwa nayo: kesingi, tubingi, hanga, valvu kuu ya chini, valvu kuu ya juu, valvu ya bawa (ile ya ubavuni, mafuta yanapotokea), choki. Picha za ule mnara wa valvu juu ya kisima, ambao wenyewe wanauita mti wa Krismasi. Nilijaza daftari zima. Siku ya tatu akatangaza: "Kesho vitendo."

Kesho yake tumekuta mezani, juu ya kitambaa chekundu cha sherehe, geti valvu ya inchi nne iliyopakwa rangi ya buluu.

Wakuu, mimi valvu ile naijua kama kiganja changu. Nimezibadilisha sijui ngapi kwenye laini za maji, kuanzia Igoma mpaka Buhongwa. Nikasogea, nikasugua vumbi kwa kidole ubavuni, maandishi yale pale yamekaa kwenye chuma: PN16. Yaani bar 16, kama psi 230 hivi. Vifaa vya kichwa cha kisima vinaanzia psi 2,000, vinakwenda 5,000, 10,000, mpaka 20,000, na cha 10,000 kabla hakijatoka kiwandani ganda lake hupimwa kwa 15,000. Tairi la Fuso, ambalo likipasuka linamrusha mtu, lina kama psi 100. Pigeni hesabu wenyewe.

Nikauliza kwa adabu, "Injinia, hii si ya maji?" Akatabasamu. "Fundi, kanuni ni ile ile."

Hapo ndipo kosa langu lilipo, nalikiri. Nilijua, nikakaa. Hela imeshalipwa, chakula cha mchana kinaletwa, wenzangu wananiangalia kama mtu anayejifanya mjuaji. Nikakaa siku kumi nyingine naandika kila alichosema. Mwisho tukapewa vyeti vyenye mhuri wa dhahabu na kupigwa picha mmoja mmoja tukiwa na helmeti, tumeshika gurudumu la ile valvu ya buluu. Kuhusu ajira tuliambiwa tusubiri kupigiwa.

Sasa mje kwenye kilichonifanya niandike.

Wiki moja baadaye tukapata msiba Kishiri. Akaja shemeji yangu, mume wa dada, ambaye amekaa miaka kwenye visima vya gesi huko kusini. Usiku wa pili tuko turubaini, wazee wanacheza bao, nikampa daftari langu nikijidai. Ukurasa wa kwanza alicheka. Ukurasa wa nne akaacha kucheka. Akalifunga, akaniangalia. "Shemeji, na haya ungeenda nayo kazini kweli?"

Kwanza valvu. Daftari langu lilisema: funga mpaka mwisho, kisha chomeka kipande cha bomba kwenye gurudumu ukaze isivuje. Kwa ile ya maji ni sawa, maana ndani mna kabari, unavyokaza ndivyo inavyobana. Shemeji akaniomba kitambulisho changu cha NIDA, akakipitisha katikati ya vidole viwili. Akasema geti la kisimani, kile kizuizi cha ndani ya valvu, huwa bamba bapa namna hii, linapita kati ya viti viwili. Gurudumu kazi yake ni kulifikisha mahali. Linalolibana ni presha yenyewe ya kisima, inalisukuma likalie kiti cha upande wa pili. Akakisukuma kitambulisho kwa dole gumba kikalala kwenye kidole kingine. Ndiyo maana ukifika mwisho unarudisha robo mzunguko, geti lipate kuelea. Ukikaza kwa bomba unalinyima kukaa sawa na unaliumiza shina. Kanuni ni ile ile, eti. Kanuni ni kinyume kabisa!

Halafu gasketi. Injinia alitukatia gasketi ya mpira kwa mkasi, tukaambiwa ikitoka nzima itarudi tena. Shemeji akaokota kizibo cha soda chini ya benchi. "Kirudishe kwenye chupa, kipige na kiganja, halafu itikise tuone." Pale kwenye flenji za kisima, vyuma viwili vinapoungwa kwa bolti, panakaa ringi ya chuma, laini kuliko flenji yenyewe, inapondwa mara moja ndani ya mfereji wake na kazi yake inaishia hapo. Ukifungua flenji, unaweka ringi mpya. Na huo mfereji ukiwa na mkwaruzo tu, hata ringi mpya haikusaidii. Mimi nina mashine ya kuchonga karakanani, kitu hiki ningekielewa kwa dakika mbili kama mtu angenionyesha. Kwa 1,600,000 hakuna aliyenionyesha.

Kufunga kisima je? Daftari linasema anza na valvu kuu ya chini "kwa sababu ndiyo kubwa". Shemeji akashika kichwa. Hiyo ya chini haichezewi kila siku, inatunzwa ibaki nzima kwa siku mbaya. Unaanza na ya bawa, halafu kuu ya juu, na kufungua unarudi kinyume chake. Ya bawa ikichakaa unafunga za nyuma yake unaibadilisha bila jasho. Ya chini ikichakaa utaibadilisha umejificha nyuma ya nini?

Lakini kilichomfanya aache kucheka ni ukurasa wa nne, sehemu ya kufungua boneti, kile kifuniko cha valvu. Nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wangu: "Legeza bolti polepole, presha itajitoa yenyewe." Shemeji akanieleza: geti likiwa limekaa, tumboni mwa valvu mnabaki presha iliyofungiwa. Haionekani wala haisikiki. Unaitoa kwanza kwa njia yake, unaangalia geji mpaka sifuri, halafu unasubiri uone kama haipandi tena. Ukilegeza bolti kabla ya hapo, boneti inakuja na wewe uko mbele yake. Shemeji akasema taratibu, kwa sauti ya msibani: "Hiyo kazi ungeifanya siku moja tu."

Na gesi ya salfa, ile ya harufu ya mayai viza. Tulifundishwa kwamba harufu ikipotea ujue gesi imeisha. Ukweli ni kwamba gesi ikizidi inaua pua kwanza, husikii kitu, nayo ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini kwenye mashimo. Asiyesikia harufu ndiye aliye karibu kuanguka.

Kuhusu kibali cha kazi, karatasi ile inayosema nani amefungua nini na bado hajarudisha, hatukusikia hata neno. Shemeji alinieleza habari ya jukwaa la mafuta la Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Pampu moja ilikuwa imetolewa valvu yake ya usalama kwa matengenezo, mahali pake pamefungwa kifuniko kisichokazwa vizuri. Zamu ya usiku hawakuijua ile karatasi, wakaiwasha pampu. Watu 167 walikufa. Fikiria, kwa sababu ya karatasi tu.

Nikarudi ofisini kwao kudai. Dada wa mapokezi akasema Injinia yuko safarini, kama alivyokuwa safarini mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne nilimkuta. Akanionyesha fomu niliyosaini, kipengele cha chini kabisa, ada hairudishwi. Halafu, na sitanii wakuu, akanishauri nilipie "hatua ya pili", 900,000, ili cheti kiwe cha kimataifa. Nikamuuliza IWCF, cheti cha kimataifa cha kudhibiti visima, ambacho shemeji aliniambia ndicho wanachoulizwa watu wa visimani. Akajibu hicho ni cha wachimbaji, sisi ni watu wa matengenezo. Nikamwambia basi nionyeshe usajili wa hii kozi. Akasema niandike barua.

Nikaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, kistaarabu tu, kwamba mwenye daftari asilifuate, akaulize kwanza. Dakika kumi hazikupita, kundi likafungwa, wanaandika viongozi peke yao.

Wa "leta jina la chuo": silitaji hapa, nimeshalipeleka panapohusika na ninasubiri. Ila kama uko Mwanza na umetumiwa tangazo la namna hii, kabla hujatoa hata shilingi nenda ukaombe kuona chuma. Usikubali picha. Uliza psi ngapi zimeandikwa ubavuni. Uliza ringi iko wapi. Mwambie Injinia akufungulie boneti uone ndani, na ukiona kabari, shuka ngazi uende zako. Hapa kwetu hakuna kisima cha mafuta hata kimoja, tuna sangara na mawe, kwa hiyo mtu anaweza kukudanganya mchana kweupe na hakuna jirani wa kumuuliza. Mimi nilimpata shemeji kwa bahati ya msiba.

Yule kijana wa Igombe bado anaamini atapigiwa simu. Nimemfuata mwaloni, kule wavuvi wanakoshusha samaki, mara mbili, hataki kunisikia. Anasema nina wivu.

Nyongeza, saa 3 usiku: Nimetumiwa sasa hivi na mtu tangazo lao jipya. Kundi la pili linaanza Jumatatu, nafasi 10 zimebaki, "ungana na wahitimu wetu walioko kazini". Picha waliyoweka ina jamaa kavaa helmeti ya njano, kashika gurudumu la valvu ya buluu, anacheka.

Huyo ni mimi. Niko Nyakato, natengeneza mashine ya kusaga.