Wanafunzi kuvuka mpaka kwenda ziara ya masomo Kenya: wanajifunza au tunawatembeza tu?

Wadau habari zenu. Kuna hili suala linagawa wazazi sana, shule inatangaza ziara ya masomo Kenya, makumbusho ya Nairobi halafu mashamba ya chai Kericho, basi wengine wanashangilia watoto wakafunguke macho, wengine wanauliza hivi hapa kwetu wameshamaliza kuona nini? Nimeona tulijadili maana kila upande una hoja.

Hoja ya "kwetu kwanza" naielewa kabisa. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959 liko Makumbusho ya Taifa Dar, kuna nyayo za Laetoli, michoro ya Kondoa, magofu ya Kilwa, vyote vyetu, na mtoto anamaliza kidato cha nne anavijua kwa kukariri tu. Inauma kweli.

Ila hebu chukueni ramani. Mtoto wa Tarime akivuka hapo Sirari, Kisumu ni kama kilomita 200, wakati Dar ni zaidi ya 1,000. Huyo ukimwambia aanze Dar kwa sababu ndo kwetu, umemwambia abaki nyumbani. Na huo mpaka wenyewe Waingereza na Wajerumani walikubaliana 1886 huko kwao, mstari ukapita katikati ya Wakurya, mpaka leo mtu anaishi Tarime na shangazi yake yuko Kehancha, upande wa Kenya. Kwa hiyo mi naangalia umbali na somo, bendera baadaye.

Na hapo kwenye somo ndo napogombana na shule nyingi. Kwenda Kericho kuangalia majani ya chai ni hasara, chai iko Mufindi, iko Rungwe, inafanana tu. Cha kujifunza Kenya kwenye chai ni KTDA, shirika la chai la wakulima wadogo lililoanza 1964, ambapo wakulima wadogo ndo wenye hisa kwenye viwanda vinavyosindika majani yao. Mpeleke mwanafunzi wa biashara akae na mkulima amuulize analipwaje kwa kilo, bonasi inatoka lini, nani anachagua wakurugenzi, na kwa nini wakulima wanalalamika pamoja na kwamba kiwanda ni chao. Hilo ni darasa. Picha katikati ya chai halafu mnarudi kwenye basi, hapana.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Mbita, pembeni ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kuna kituo cha icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu aliyoianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970. Pale kuna kilimo kinaitwa sukuma-vuta. Katikati ya mahindi wanapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, harufu yake inamfukuza nondo wa bungua wa mabua, yaani mdudu ambaye viwavi wake wanatoboa mabua ya mahindi, kuzunguka shamba wanapanda majani ya mabingobingo yanamvuta nondo akatagie huko, na mizizi ya desmodiamu inafanya mbegu za kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ziote halafu zife kabla hazijashika mahindi. Desmodiamu na mabingobingo vyote ng'ombe anakula. Sasa mtoto wa Mara ambaye kwao kiduha kinamaliza mahindi kila mwaka akiona hicho kitu kwa macho, akaongea na mkulima Mjaluo wa umri wa baba yake anayekifanya, hiyo ni baiolojia, kemia na chakula cha nyumbani kwa safari moja, na anaweza kurudi akaanzisha shamba darasa hapo shuleni. Niambieni ni ziara gani ya Dar itampa hiyo.

Nairobi pia isiachwe, ila kwa watu wa Arusha. Wao wanaanza Olduvai, halafu wanapita Namanga wakaone Kijana wa Turkana, mifupa ya mtu wa kale iliyogunduliwa 1984 na Kamoya Kimeu, Mkenya mwenyewe, karibu mwili mzima. Mkiviona kwa mpangilio huo mwalimu ana cha kulinganisha, kichwa cha Zinj (Olduvai wana nakala yake) na cha yule kijana, taya, meno, nani alikula nini. Bila maandalizi ni matembezi tu.

Kuhusu usalama sina mzaha. Karatu Mei 2017 tulizika watoto zaidi ya 30 waliokuwa wanaenda kufanya mtihani wa ujirani mwema, na ile ilikuwa ndani ya nchi, mchana. Basi likaguliwe, madereva wawe wawili, hakuna kusafiri usiku, na kama umbali hauruhusu kufika mchana basi safari ifutwe. Makaratasi ya uhamiaji, barua za wazazi na kadi za chanjo yashughulikiwe mapema, siyo watoto wanakaa juani mpakani mwalimu anahangaika na simu.

Kinachobaki ni pesa. Tangu 2016 tunasema elimu bila ada halafu ziara inakuja na mchango, wenye uwezo wanaenda, waliobaki wananakili tu daftari za wenzao. Mi napendekeza kubadilishana: shule ya Migori ije ilale kwenye mabweni yetu likizo, waone makumbusho ya Mwalimu pale Butiama, sisi tukalale kwao tukienda Mbita. Malazi yanashuka karibu bure, inabaki nauli na chakula, na hapo bodi ya shule itafute namna darasa lote liende au lisiende kabisa.

Wanaopinga, naomba mniambie hili la kubadilishana lina shida gani. Na walimu mliowahi kuomba kibali cha kuvusha wanafunzi, mlikwama wapi?