Naomba ushauri: Chake hadi Wete kwa baiskeli, kusi likivuma

Assalam alaykum ndugu zangu. Mimi na shemeji yangu tunataka siku moja ya baiskeli hapa Pemba: kutoka Chake Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani, kama kilomita 30, halafu tusogee Konde hadi msitu wa Ngezi. Wasioijua Pemba hudhani ni tambarare kama Makunduchi kule Unguja. Huku ni kupanda na kushuka tu, hujamaliza kilima hiki, kingine kinakungoja.

Vilima nimevizoea. Kinachonisumbua ni upepo. Msimu huu wa kusi, kwenda kaskazini unasukumwa mgongoni, raha tupu, lakini kurudi jioni miguu imekwisha ndiyo unakabiliana nao uso kwa uso. Nimewaza tupakie baiskeli juu ya daladala hadi mji wa Mkoani, kusini mwa Pemba, alfajiri, tuendeshe kuelekea kaskazini tu, kisha turudi kwa gari. Shemeji anasema huo ni uvivu. Kuna aliyewahi kubeba baiskeli hivyo? Nauli mlielewanaje?

Pia kwenye miteremko upepo wa ubavuni hunitoa kwenye mstari, hasa pale miti inapokatika ghafla, na pembeni watu wameanika karafuu. Breki zangu ni nzima. Je, mnainama na kuachia, au mnashuka taratibu? Na baiskeli isiyo na gia, kama ya shemeji, itafika Konde kweli?