Bima imeikataa leseni ya nyumbani: ninunue pikipiki gani ya spoti kwa safari ya kila siku ya barabara kuu ya M4?

Kutoka: Mgeni wa Reading

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wenzangu. Juzi kampuni moja ya bima ilinirudishia maombi yangu kwa barua fupi inayosema kwamba miaka niliyoendesha pikipiki Tanzania haihesabiwi, na kwamba hawatanikatia hata bima ndogo kwa pikipiki inayozidi cc 125 mpaka niwe na A2 ya hapa Uingereza, yaani leseni ya pikipiki zisizozidi kilowati 35. Nina umri wa miaka 22, leseni yangu ya nyumbani ina daraja A, CBT (mafunzo ya msingi ya lazima) nimemaliza na mtihani wa nadharia nimefaulu. Kazi yangu ni ya zamu katika ghala lililoko Slough, na saa ninazotoka hakuna treni ya maana.

Nikishapata A2, je, nichague Ninja 400, Yamaha R3 au CBR500R? Nazipenda za spoti, lakini nitapita M4 kiangazi na baridi, kwa hiyo sitaki chombo kitakachonivunja mgongo. Au nibaki na Yamaha R125, ya cc 125, ili bima iwe nafuu?

Kutoka: Mzee wa Croydon

Marahaba, mwanangu. Achana kabisa na habari ya R125, kwa sababu pikipiki ya cc 125 hairuhusiwi kwenye barabara yoyote yenye herufi M. Kuhusu leseni, usihangaike na hiyo A2 kwa sasa. Nenda nyumbani ukasalimie wazazi, na ukirudi ile miezi 12 ambayo mkaazi mpya anaruhusiwa kutumia leseni ya Tanzania itaanza upya. Vijana wengi wamefanya hivyo.

Kutoka: Dada wa Luton

Shikamoo Mzee, na naomba uniwie radhi, lakini yote mawili uliyoandika si sahihi, na tulikwisha kuyajadili hapa mwaka jana. Anayekatazwa kuingia barabara za M ni mwanafunzi mwenye CBT na kibao cha L, pamoja na vyombo vya chini ya cc 50. Mtu aliyefaulu Mod 1 na Mod 2, ile mitihani miwili ya vitendo, akapata A1 (leseni ya pikipiki ndogo) anaruhusiwa kupita na cc 125 yake, apende asipende mtu mwingine. Na ile miezi 12 huhesabiwa tangu siku ulipokuwa mkaazi, wala haianzi upya kwa kuwa umepanda ndege. Kijana akifuata ushauri huo kisha akagongana na mtu, atakuwa barabarani bila leseni halali, na bima ataisikia redioni.

Mdogo wangu, kwa umri wako A2 ndiyo njia yako. A kamili, isiyo na kikomo cha nguvu, utaipata ukiwa na miaka 24, au baada ya kushika A2 kwa miaka 2 na kufanya mtihani tena. Kwa hiyo pikipiki utakayonunua utakaa nayo kwa muda, usinunue kwa pupa.

Kutoka: Mzee wa Croydon

Marahaba. Sikusema kwamba sheria iko hivyo, nilisema vijana wamefanya hivyo.

Kutoka: Fundi wa Leicester

Tuache leseni kidogo tuzungumzie chombo chenyewe. Ukomo wa kasi katika M4 ni maili 70 kwa saa, na malori makubwa yamefungwa kidhibiti kinachoyazuia kuzidi maili 56. Pikipiki ya cc 125 yenye kilowati 11, ambacho ndicho kikomo cha A1, inafika huko juu kwa shida, injini ikiwa inalia karibu na mwisho wa mizunguko yake. Ukikuta mlima kidogo au upepo wa mbele, unashuka mpaka mwendo wa lori, na lori la nyuma halijui kwamba umekwisha nguvu. Ruhusa unayo, ila huna akiba ya kujiokoa. Mtu anayesafiri mara moja kwa mwezi anaweza kuvumilia, lakini mtu wa kila siku anaichosha injini na kujichosha mwenyewe.

Katika tatu ulizozitaja, zote zina silinda mbili, na hilo ni jambo jema, kwa sababu silinda moja kubwa kama ya KTM RC390 hutetemesha mikono ukikaa kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Ninja 400 ina kilowati 33.4 na uzito wa kilo 168, yaani imekaa ukingoni kabisa mwa sheria ya A2 kwamba nguvu isizidi kilowati 0.2 kwa kila kilo ya uzito. Ni nyepesi na inachomoka vizuri, lakini wepesi huo huo utausikia siku ya upepo wa kando, hasa unapomaliza kulipita lori na upepo ukakupiga ghafla. R3 ina cc 321, kwa hiyo katika maili 70 inazunguka juu zaidi. CBR500R ina cc 471 na kilowati 35 kamili za A2, ni nzito zaidi ya hizo mbili, inatembea kwenye mwendo wa M4 bila kupiga kelele, na tangi lake ni la lita 17 wakati wenzake wana lita 14. Wengine watasema CBR500R si spoti ya kweli kwa sababu usukani wake uko juu kiasi. Kwa mtu anayetoka zamu ya usiku, hiyo ndiyo sifa yake.

Kutoka: Nesi wa Coventry

Fundi, unasahau majira ya baridi. Chumvi inayomwagwa barabarani inakula cheni, boliti na breki, na mtu anayerudi nyumbani alfajiri hana moyo wa kuosha pikipiki kwa maji na kutia mafuta kwenye cheni. Kama haoshi, hakuna pikipiki kati ya hizo itakayomfaa. Mimi niliuza yangu na sasa napanda basi.

Ila kinachoniuma ni hilo la leseni. Wenzetu wa Afrika Kusini na Zimbabwe wanabadilishiwa leseni zao hapa bila mtihani mpya. Sisi wa Tanzania tunaanza na kibao cha L kama watoto, wakati tumeendesha bodaboda katika matope yasiyojulikana huku. Balozi zetu zinashughulika na nini?

Kutoka: Dada wa Luton

Dada, hilo la balozi lianzishie mada yake. Hapa kijana anauliza pikipiki.

Kutoka: Mzee wa Croydon

Nesi ana hoja. Hata hivyo, mwanangu, bodaboda haikufundishi M4. Kule hatari inatoka pembeni, huku inatoka nyuma. Na kipande chako hicho cha Reading mpaka Slough, tangu kazi za upanuzi zilipomalizika mwaka 2022, hakina tena ukingo wa dharura, kuna maegesho ya dharura yaliyoachana mbali. Cheni ikikatika katikati, unahitaji mwendo wa kutosha kujikokota mpaka kwenye moja ya hayo. Ndiyo maana nilikataa cc 125, hata kama sheria inairuhusu.

Kutoka: Fundi wa Leicester

Hapo Mzee tumekubaliana. Nyongeza moja: ukitaka kufanyia mtihani wa A2 pikipiki yako mwenyewe, R3 haitakubaliwa, kwa kuwa ya mtihani inapaswa kuanzia cc 395. Ninja 400 inapita. Lakini wengi hutumia ya shule, na utaikodi pamoja na mwalimu.

Kutoka: Mgeni wa Reading

Ahsanteni sana wote. Nimeelewa habari ya R125 na ya upepo. Hata hivyo sijapata jibu kuhusu bima. Je, ipo kampuni yoyote inayohesabu miaka ya nyumbani, au nikishapata A2 nitahesabiwa kama mtu ambaye hajawahi kugusa pikipiki?

Kutoka: Nesi wa Coventry

Mimi nilihesabiwa sifuri, na nilikuwa nimeendesha tangu nikiwa chuo.

Kutoka: Dada wa Luton

Inategemea kampuni. Ukijaza fomu, andika tarehe ya leseni ya Tanzania pale wanapouliza, usiiache wazi wala usiifanye kuwa ya hapa. Na ukipata pikipiki iliyowahi kuzuiwa nguvu ili ifae A2, mtake muuzaji cheti cha kazi hiyo kabla hujalipa, kwa sababu bima huenda wakaomba kukiona.