Mwanafunzi wangu Mvietnamu amekwama IELTS 6, maneno magumu anayajua ila hayamkubali

mwl_wa_Hanoi
Wakuu habari za saa hizi. Niko Hanoi mwaka wa tatu sasa, jioni nafundisha Kiingereza kwa kujitegemea. Nina mwanafunzi mmoja, dada mhasibu, anataka alama 7 kwenye IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, akasome Australia, lakini kwenye kuandika kapata 6 mara mbili mfululizo. Bidii anayo, tena sana, ana madaftari matatu yamejaa maneno, kushoto Kiingereza kulia Kivietnamu, ukimtajia "ubiquitous" anakupa maana kabla hujafunga mdomo. Sasa mwambie aandike. Juzi kaniletea insha ina hii: "There are a plethora of people who success in economical field." Nikacheka huku namwonea huruma, hiyo plethora (yaani wingi wa kupitiliza) imekaa kama suti iliyovaliwa na kandambili. Nikimpa orodha nyingine naona ndio nazidi kumzamisha. Mliofundisha hawa watu au mnaoijua lugha yao nifanyeje? Kivietnamu changu mimi ni cha sokoni, kuuliza bei na kukataa pilipili basi.

Baharia Mstaafu
Mkuu hiyo sentensi irudishe kwenye Kivietnamu utaona ilipooza. Kwao neno halibadiliki umbo hata kidogo. Thành công ni kufanikiwa, ndiyo mafanikio, na ndiyo hiyohiyo -enye mafanikio, inategemea tu limekaa wapi. Kinh tế ni uchumi na pia ni -a kiuchumi. Sisi tumekua na soma, msomi, masomo, somesha, kisomo, tunalivalisha neno mbele na nyuma bila hata kufikiri, yeye hicho kitu hajawahi kukifanya kwa lugha yake. Kwa hiyo akishakariri success ni thành công anajua kazi imeisha, kumbe succeed na successful kawaacha nje mlangoni. Mwambie aache kuandika neno, aandike ukoo: economy, economic, economical, economist, kila mmoja na sentensi yake, na huyo economical amweke kwenye gari lisilobugia mafuta maana ndiye mchonganishi. Ile orodha ya maneno ya kitaaluma ya Averil Coxhead ya mwaka 2000 imepangwa kikoo hivyohivyo, koo 570, kwa mtu wa 6 hiyo ni shamba tosha, hana haja ya kina ubiquitous.

Halafu kuna hazina ameikalia hajui. Nilikaa Hai Phong miaka minne, nikagundua lugha yao ina ghorofa mbili kama yetu. Sisi tuna kufa, ukitaka heshima unapanda juu unachukua kufariki ya Kiarabu. Wao wana chết, na juu wana từ trần ya Kichina. Maneno yao ya sheria, ofisi na sayansi mengi mno yametoka huko juu. Maji ni nước, ila kwenye maneno makubwa yanageuka thủy: thủy điện umeme wa maji, thủy sản mazao ya majini. Na Kiingereza ndivyo kinavyofanya, water ikipanda ghorofani inakuwa hydro au aqua. Hydroelectric na thủy điện zimeshonwa kwa mshono uleule! Au chukua đồng ya "pamoja": đồng nghiệp, đồng hương, đồng ý. Kiingereza ni colleague, compatriot, consent, zote zimeanza na "pamoja" ya Kilatini iliyovaa sura tofauti. Nilimchorea kijana wa jirani haya kwenye karatasi ya kufungia mkate, akakaa kimya mpaka chai ikapoa, halafu akaniuliza mbona shule hawakumwambia. (Đồng ya hela ni nyingine, hiyo ni shaba, usije ukamvuruga.)

Nyokabi_wa_Nax
Mwalimu pole na kazi. Mimi nafundisha onlaini kutoka Nakuru, niko na Wavietnamu wawili wa saa kumi jioni, kwao saa hiyo ni saa mbili usiku wamechoka kama mbwa. Baharia ameongea poa lakini plethora haikuangushwa na ukoo, iliangushwa na majirani. Neno liko na watu linatembea nao. Mvietnamu husema uống thuốc, yaani kunywa dawa, hata ikiwa tembe, so anaandika "drink medicine", na mimi mwenyewe niliiandika hivyo nikiwa class five na nikacharazwa. Wao hula Tết, mwaka mpya wao, vile sisi hukula Krismasi. Ăn hối lộ ni kula hongo, neno kwa neno, nilicheka hiyo siku! Hata "although" yao lazima ifuatwe na "but" kwa sababu tuy iko na nhưng wake, vile yetu huwa ingawa halafu lakini. Hapo wewe uko na bahati kumshinda mwalimu Mwingereza, kosa unaliona likitoka mbali.

Hayo madaftari matatu ayafunge. Atumie Anki, ile app ya kadi za kukariri, lakini kadi isiwe neno huku maana kule, iwe sentensi nzima iko na shimo, mfano "The company took ___ to cut costs", ajaze measures. Matano kwa siku, asizidishe, kesho yake ayatumie kwa sentensi za kazi yake ya uhasibu. Kwa IELTS maneno ni robo ya alama za kuandika, na ukifika 7 wanaangalia hasa kama maneno yako yanakaa vizuri na wenzake.

mtoto_wa_Pangani
Baharia nakubali nusu. Vijana wa leo wanaandika kwa herufi za Kilatini, hati ya Kichina hawaisomi, hizo thủy na đồng wengine wanazihisi tu hawawezi kuzifumua, itabidi amsaidie kwanza.

Ila mmesahau sikio. Kivietnamu silabi inafungwa na sauti chache, p, t, k, m, n, ng, na p, t, k zenyewe hazipasuki, s ya mwisho ndo haipo kabisa. Kazini Dar tulikuwa na mafundi wao wa minara, siku moja nikiwa kwenye usukani mmoja akaniambia "rai", nikasikia right nikakata kulia, kumbe jamaa ana njaa anataka rice, wali. Sasa kama sikio linameza -s na -ed mkono utaziandikaje? Asome insha yake kwa sauti mbele yako, kila mwisho wa neno autoe, ataona mwenyewe panapovuja.

mwl_wa_Hanoi
Mrejesho wakuu, wiki mbili sasa. Madaftari kayafunga kwa shingo upande. Koo tumefanya 20, kusoma kwa sauti anaona aibu ila anasoma. Ile ya đồng imemlevya kabisa, jana kaja nayo ya kwake, đồng cảm ni sympathy, kafumua mwenyewe "kuhisi pamoja" pande zote mbili, alikuwa anapiga meza. Plethora kaifuta bila kuambiwa, kaweka "many".

Kwenye economical nikamwomba sentensi mbili. Ya kwanza ilihusu jiko lake la wali la umeme, safi kabisa. Ya pili kaandika bosi wake naye ni "very economical", bonasi ya Tết mwaka huu kawapa katoni ya biskuti. Nimeshika kalamu nyekundu dakika nzima sijui nimsahihishe au nimpe vema.